Filamu Iliyomhurumia Jasusi

Kampuni kubwa ya dawa imeandaa karamu. Wageni wamevalia, vinywaji vinazunguka, na katikati ya shamrashamra hizo wamejipenyeza vijana waliokusudia kuwanywesha wakubwa wa kampuni dawa yao wenyewe, ile ile wanayoiuza duniani huku madhara yake wakiyajua. Kati ya vijana hao yumo mmoja ambaye si mwenzao. Ni jasusi wa kampuni binafsi, na habari ameshamfikishia bosi wake: watu watadhurika, tuwaonye. Bosi hababaiki. Anamkumbusha tu kwamba kampuni hiyo ya dawa si mteja wao.

Filamu ni The East, ya mwaka 2013, na katika dakika zake karibu mia moja na ishirini sijaona penye ukweli kuliko hapo. Mengine yote, mabomba ya uingizaji hewa yanayotapika mafuta ghafi, mbio za usiku, risasi, mapenzi ya msituni, ni mambo ambayo sinema ya kusisimua haiwezi kuyakosa. Lakini jibu la yule bosi, mwanamke nadhifu anayechezwa na Patricia Clarkson kwa ubaridi wa kutisha, ndilo lililoibeba biashara nzima. Serikali ikikuchunguza, angalau inajidai kwamba inalinda raia wote. Kampuni haina haja ya kujidai. Inamlinda aliyelipa.

Mwongozaji wake ni Zal Batmanglij, mzaliwa wa Ufaransa kwa wazazi wa Kiirani, na hadithi aliiandika pamoja na Brit Marling, ambaye ndiye mwigizaji mkuu. Marling anacheza kama Jane Owen, ofisa wa zamani wa FBI aliyehamia Hiller Brood, kampuni ya kubuni inayowauzia ujasusi wenye viwanda. Anapewa kazi ya kukitafuta kikundi cha siri kiitwacho The East, kinachowalipiza wakuu wa makampuni kwa kuwaonjesha walichowafanyia wengine. Aliyechafua bahari kwa mafuta, mafuta yanamwagwa nyumbani kwake. Jane anajibadili jina na kuwa Sarah Moss, anadandia treni za mizigo pamoja na watu wasio na makazi, na anapomtambua mmoja wa kikundi anajichana mkono makusudi ili apelekwe kutibiwa kwenye maficho yao, jumba lililotelekezwa msituni. Huko anamkuta Benji, kiongozi asiyetaka kuitwa kiongozi, anayechezwa na Alexander Skarsgård. Izzy, binti wa tajiri, anayechezwa na Elliot Page. Na Doc, tabibu ambaye mikono yake inatetemeka, anayechezwa na Toby Kebbell.

Walioiandika hawakuokota habari zao gazetini. Kiangazi cha 2009 Batmanglij na Marling waliacha nyumba zao wakaenda kuishi na vijana wanaokataa kununua chochote, wakisafiri kwa kudandia treni na kula vyakula vilivyotupwa na maduka makubwa vikiwa bado vizima. Marling alikuwa na sababu zake za kuijua dunia zote mbili. Alipokuwa mwanafunzi wa uchumi Georgetown alifanya kazi ya mafunzo katika benki ya Goldman Sachs, akapewa ajira, akaikataa. Filamu yao ndefu ya kwanza pamoja, Sound of My Voice, nayo ilihusu watu wanaojipenyeza kwa hila ndani ya kikundi cha siri, safari hiyo kikundi cha imani. Yaonekana jambo hili liliwakaa moyoni: mtu anapoigiza kuwa mwenzenu, akala nanyi, akaimba nanyi, ni saa ngapi maigizo yanaisha?

Ndiyo maana sehemu nzuri kabisa ya The East haina mlipuko wala bunduki. Ni chakula cha jioni. Sarah anapokewa mezani akiwa mgeni, na watu wote, yeye akiwamo, wamevishwa yale makoti waliyokuwa wakifungwa wagonjwa wa akili, mikono ikiwa imezungushwa na kukazwa mgongoni. Mbele ya kila mmoja lipo bakuli la supu na kijiko cha mti. Mgeni anakaribishwa aanze. Anahangaika, anainama, anatafuta namna ya kulifikia bakuli lake mwenyewe, na wenzake wanamtazama bila kusema neno. Alipokwisha kushindwa, mmoja anakiuma kijiko kwa meno, anachota, anamgeukia jirani na kumlisha. Jirani naye anamlisha anayefuata. Ni ile hekaya ya kale ya vijiko virefu, mbinguni na motoni, ambayo wahubiri wa dini nyingi wameisimulia. Lakini hapa imegeuzwa kuwa mtihani, na anayetahiniwa ni mtu aliyefunzwa kutomtegemea yeyote. Amefeli somo ambalo hata hakujua kwamba linafundishwa. Batmanglij haharakishi. Anaiacha kamera mezani mpaka mtazamaji naye aanze kuona haya.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini jasusi huyu atayumba. Hatashindwa na hoja, maana hoja za kikundi hiki si kali sana. Nyingine ni za kitoto. Atashindwa na kulishwa.

Doc ndiye aliyeleta mpango wa kampuni ya dawa, na sababu anayo mwilini. Aliwahi kuitumia dawa hiyo, dada yake pia, na ikawaharibu. Filamu imeipa dawa jina la kubuni, lakini ukoo wake ni wa kweli kabisa: fluorokwinoloni, jamaa ya siprofloksasini, hiyo hiyo sipro ambayo huenda msomaji anayo nusu dozi kabatini mwake aliyouziwa duka la dawa bila cheti. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyataka makampuni yaweke kwenye dawa za ukoo huo onyo kali kuliko yote kwa sababu ya kukatika kwa kano za misuli. Agosti 2013, filamu ikiwa imetoka miezi michache tu, mamlaka hiyo hiyo iliongeza onyo kwamba zinaweza kuharibu mishipa ya fahamu na uharibifu huo ukawa wa kudumu. Mwaka 2016 ikashauri zisitumiwe kwa maambukizi mepesi pale penye dawa nyingine. Si kwamba sipro ni sumu. Imeokoa wengi na bado inaokoa. Ila waandishi wa filamu hii walikuwa wamesoma kabla ya kuandika, na si waandishi wote wa sinema za kusisimua wanaofanya hivyo.

Ilipigwa picha Louisiana, jimbo ambalo pwani yake ilikuwa imetoka kulowa mafuta ya kisima cha BP kilicholipuka Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11. Waigizaji hawakuhitaji kuelezwa sana hasira inatoka wapi. Kwa Hollywood bajeti yake ilikuwa ndogo, dola milioni 6.5, na kumbi za sinema za Marekani hazikuingiza hata nusu ya fedha hizo. Bahati yake mbaya ilikuwa kutoka mapema mno, na mapema yenyewe ni siku chache. Iliingia kwenye kumbi za sinema tarehe 31 Mei 2013. Wiki iliyofuata magazeti ya The Guardian na The Washington Post yakaanza kuchapisha siri za Edward Snowden, na dunia ikagundua kwamba kijana aliyezishika siri nzito za ujasusi wa Marekani hakuwa hata mwajiriwa wa serikali. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Booz Allen Hamilton. Waliokuwa wameiona Hiller Brood kuwa chumvi ya mtunzi wakanyamaza.

Na hawakuhitaji kumsubiri Snowden. Februari 2012 WikiLeaks walianza kutoa barua pepe za Stratfor, kampuni binafsi ya taarifa za kijasusi ya huko Texas, na ndani yake ikaonekana kwamba kampuni ya Dow Chemical ilikuwa ikiletewa ripoti za nyendo za wanaharakati wa Bhopal. Bhopal ni mji wa India ambako gesi ya kiwanda cha Union Carbide iliua maelfu ya watu Desemba 1984. Dow iliinunua Union Carbide mwaka 2001. Kwa hiyo watu waliokuwa wakidai haki ya wafu wao walikuwa wakiandikwa kwenye daftari la mtu wa Texas: nani amezungumza wapi, nani amepanga kuandamana, nani ametengeneza filamu fupi. Hii ni Hiller Brood isiyo na Patricia Clarkson.

Kwa hayo yote naisifu. Linalonikera ni mapenzi.

Sarah na Benji wanapendana, na wanapendana kama wapendanavyo watu wa sinema, kwa macho kwanza. Mtazamaji anajua kwamba mwanamke huyu anadanganya, lakini filamu imejitahidi sana tumwone anayedanganya ndiye anayeumia. Ni yeye anayelia. Ni yeye anayerudi mjini akashindwa kulala kitandani pake karibu na mchumba wake. Baadaye inafunuliwa kwamba Benji alimjua siku nyingi, na kwa ufunuo huo deni lote linafutwa: hakuna aliyedanganywa, maana aliyedanganywa alikuwa akijua. Ni ujanja mzuri wa kiuandishi. Pia ni njia ya kukwepa swali zito kuliko yote ambayo filamu ilikuwa nayo mkononi, yaani hali ya yule ambaye hakujua.

Uingereza walikuwapo wengi wa aina hiyo. Mwaka 1968, baada ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, polisi wa London waliunda kikosi cha siri cha askari waliofuga nywele na ndevu, wakapewa vitambulisho vya uongo, wakaenda kuishi miongoni mwa wanaharakati kwa miaka, si kwa wiki. Kikosi hicho, pamoja na vilivyokifuata, vilipeleleza vikundi zaidi ya 1,000: wapinga vita, wapinga ubaguzi wa rangi, watetezi wa wanyama, watetezi wa mazingira. Wengi wa askari hao walichukua majina ya watoto waliokufa wakiwa wadogo. Walikwenda kwenye rejista za vifo, wakatafuta mtoto aliyezaliwa karibu na mwaka wao, wakajivika jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Wazazi wa watoto hao hawakuulizwa.

Na wakaoana, au tuseme wakaishi kama walioana, na wanawake ambao wao walitumwa kuwapeleleza.

Mwaka wa 2010 mwanaharakati mmoja akiwa likizoni Italia na mwanamume aliyempenda kwa miaka, mtu aliyeitwa Mark Stone, alikuta pasipoti ndani ya gari. Picha ilikuwa ya Mark. Jina lilikuwa Mark Kennedy. Stone hakuwahi kuwapo. Kennedy alikuwa askari aliyeingia kwenye harakati za mazingira mwaka 2003, mwenye gari la kubebea watu na vifaa, mkarimu, asiyekosa fedha, aliyepanda miti na minara pamoja na wenzake na kukamatwa pamoja nao. Akina mama wa uswahilini wangemshtukia mapema, kwa hizo fedha zake zisizoeleweka zinatoka wapi. Wenzake walimpenda tu.

Kesi aliyoiangusha inastahili filamu yake. Aprili 2009 polisi walivamia shule moja Nottingham usiku na kukamata watu 114 waliokuwa wakijiandaa kuingia kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Ratcliffe-on-Soar ili kuuzima kwa muda. Hayakuwapo mashtaka kwa wengi wao. Ishirini walitiwa hatiani Desemba 2010, baada ya kujitetea kwamba walitaka kuzuia madhara makubwa zaidi ya tabianchi. Wengine sita walikuwa wakingoja zamu yao, na Januari 2011 kesi yao ikaporomoka baada ya habari za Kennedy kutoka. Ikajulikana kwamba alikuwa amerekodi mazungumzo ya wapangaji kwa siri, na rekodi hizo, ambazo zingewasaidia washitakiwa, upande wa utetezi haukupewa. Mkurugenzi wa mashtaka wa wakati huo akawaita wale ishirini wakate rufaa, na Julai 2011 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia zao zote. Mkurugenzi huyo alikuwa Keir Starmer, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu.

Kennedy alikuwa ameshaacha upolisi mwanzoni mwa 2010. Lakini hakuwaacha marafiki zake. Aliendelea kwenda kwao kwa jina lile lile la bandia, na magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba safari hiyo alikuwa akihudumia kampuni binafsi ya usalama. Hapa The East imebashiri vizuri kuliko ilivyojua: Jane Owen alitoka FBI akaenda Hiller Brood kwa mlango huo huo.

Mmoja wa wanawake aliowahi kuishi nao kimapenzi aliwaandama polisi mahakamani kwa takribani miaka kumi. Septemba 2021 mahakama maalumu inayosikiliza malalamiko dhidi ya vyombo vya upelelezi iliamua kwamba haki zake zilivunjwa katika vifungu vitano vya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kikiwamo kile kinachokataza udhalilishaji. Alilipwa zaidi ya pauni 229,000. Kabla ya hapo, Novemba 2015, polisi wa London walikuwa wamewaomba radhi hadharani wanawake saba, wakikiri kwamba uhusiano ule ulikuwa wa unyanyasaji na hila. Mwanamke mwingine, aliyezaa mtoto wa kiume na askari Bob Lambert katika miaka ya 1980 na kuachwa, alimjua baba halisi wa mwanawe kwa kusoma gazeti mwaka 2012. Polisi walimlipa pauni 425,000.

Lambert huyo anatupeleka kwenye kisa ambacho, kama ningekileta kwa mtayarishaji wa sinema, angenirudishia akisema nimezidisha.

London Greenpeace kilikuwa kikundi kidogo cha watu wachache, kisicho na uhusiano na Greenpeace ile ya kimataifa. Mwaka 1986 kilitoa kijikaratasi cha kuishambulia kampuni ya McDonald's kuhusu misitu, wanyama, afya na mishahara. McDonald's ikapeleka wapelelezi wa kukodi kwenye mikutano ya kikundi, kutoka mashirika mawili tofauti, na kwa kuwa mashirika hayo hayakujuana, wapelelezi walikuwa wakiripotiana. Mikutano mingine majasusi walikaribia kulingana kwa idadi na wanachama. Walilamba bahasha, walijibu barua, walizungusha vijikaratasi vile vile ambavyo mteja wao alikuwa akivilalamikia. Mmoja alianza mapenzi na mwanachama na kuyaendesha kwa miezi. Kisha kampuni ikawashitaki watu watano kwa kuichafulia jina. Watatu wakaomba radhi, wawili wakakataa. Helen Steel na Dave Morris, wasio na fedha wala msaada wa serikali wa kisheria, walijitetea wenyewe kwa siku 313 za mahakamani, kesi ndefu kuliko zote katika historia ya Uingereza. Wakili kijana aliyewasaidia ushauri bila malipo aliitwa, tena, Keir Starmer. Juni 1997 jaji aliona kwamba baadhi ya madai yao ni kweli na mengine hayakuthibitika, akawaamuru walipe pauni 60,000. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema hawakutendewa haki.

Hayo yalijulikana. Yaliyofichika ni kwamba Bob Lambert, kwa jina la Bob Robinson, alikuwa mwanachama wa kikundi hicho wakati kijikaratasi kinaandikwa, na mwaka 2013 gazeti la The Guardian liliandika kwamba alishiriki kukiandika. Na Helen Steel alikuwa ameishi miaka miwili na mwanamume aliyeitwa John Barker, aliyetoweka mwaka 1992 baada ya kuandika barua za mtu aliyevurugikiwa akili. Jina lake halisi lilikuwa John Dines, askari wa kikosi kile kile. Hesabu, msomaji: askari wa siri amechangia kuandika maneno, kampuni imewakodi majasusi wa kuyathibitisha, mtuhumiwa ameshitakiwa kwa ajili yake, na mpenzi wa mtuhumiwa alikuwa askari. Hakuna aliyekuwa mwenyewe katika chumba kile isipokuwa walioshitakiwa.

Marekani nako walikuwa na kisa chao, na kinafanana na The East zaidi kwa kuwa jasusi alikuwa msichana. Eric McDavid alikamatwa California Januari 2006 pamoja na vijana wawili, wakituhumiwa kupanga kulipua bwawa na minara ya simu. Aliyewakusanya alijiita Anna. FBI ilimlipa zaidi ya dola 65,000. Nyumba ya msituni walikokutania iligharimiwa na FBI na kufungwa kamera. Na McDavid alikuwa amempenda. Mwaka 2008 alihukumiwa karibu miaka 20. Barua zilizoonyesha jinsi mapenzi yake yalivyochezewa hazikukabidhiwa kwa mawakili wake mpaka miaka mingi baadaye, na Januari 2015 akaachiwa, akiwa ameshatumikia miaka tisa. Hakuna kilichokuwa kimelipuka.

Sisemi kwamba wanaharakati wote wa namna hii walikuwa malaika. Earth Liberation Front walichoma majengo ya kituo cha mchezo wa theluji cha Vail, Colorado, Oktoba 1998, hasara ya dola milioni 12, na walichoma mengine mengi. Wenyewe walijisifu kwamba hawajaua mtu, na ni kweli, lakini moto hausomi ilani. Atakayetaka kuwaelewa bila kudanganywa na muziki wa sinema aitafute If a Tree Falls ya Marshall Curry, ya mwaka 2011, inayomfuata mmoja wao mpaka mlango wa gereza na kuwapa nafasi ya kusema hata wenye mali zilizochomwa. Night Moves ya Kelly Reichardt, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka ule ule wa The East, inahusu vijana watatu wanaolipua bwawa na hofu inayowatafuna baadaye. Haina jasusi, na haimhitaji. How to Blow Up a Pipeline ya 2022 inaye mtoa habari ndani yake, na namna ilivyomtumia ni werevu mtupu ambao sitauharibu hapa.

The East inaishia kwa Sarah kuiacha kampuni yake. Benji alitaka orodha ya majasusi wote wa Hiller Brood awaanike. Yeye anamwambia ameikosa, anaachana naye, halafu anaitumia kwa namna yake: anawafuata majasusi wenzake mmoja mmoja, anawaonyesha ushahidi wa uchafu wanaoulinda, anawaacha waamue. Wapo watakaoona ni njozi. Mimi hapo niko upande wa filamu, kwa kuwa lilishatokea. Mmoja wa wapelelezi waliokodiwa na McDonald's, mwanamke, alikwenda kutoa ushahidi katika kesi ile kwa upande wa washitakiwa. Hakupendana na mtu msituni kama Sarah, wala hakutoa risasi tumboni mwa rafiki. Alikaa kwenye mikutano, akasikiliza, na siku ilipofika akasimama upande wa aliowapeleleza.

Serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza polisi wa siri mwaka 2015. Ripoti yake ya awali ya Juni 2023 ilisema kwamba kama mambo yale yangejulikana hadharani wakati ule, kikosi kile kingevunjwa haraka. Helen Steel hakuingoja. Miaka ya mwanzo alimtafuta John Barker akidhani ni mgonjwa anayehitaji msaada, mpaka kwenye rejista alipokuta cheti cha kifo cha mtoto wa miaka minane aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka 1968, mwenye jina hilo na tarehe hiyo ya kuzaliwa. Akaendelea kumtafuta, sasa bila kujua anamtafuta nani. Machi 2016 alimkuta Dines kwenye uwanja wa ndege wa Sydney, Australia, ambako alikuwa akijishughulisha na mafunzo ya polisi, akamkabili ana kwa ana huku kamera ikirekodi. Dines akamwomba radhi. Kama kuna mtayarishaji anayesoma ukurasa huu, sinema aanzie hapo arudi nyuma, na kamera aiache kwa Helen.